Tano za Kitabu, Kumi na Tano za Nyamai

Emali, 19 Juni 2023

Mpendwa Susu Kasyoka,

Kaa chini kwanza, maana barua hii imeandikwa na mwanaume mkubwa. Treni ya Mombasa ikisimama hapa Emali watu wanadhani ni kwa sababu kuna stesheni. Uongo. Inasimama kunisalimia mimi Nyamai mjukuu wako, halafu ndiyo inaendelea na safari yake. Juzi nilikuwa kwa kinyozi, ikachelewa. Uliza mtu yeyote.

Baada ya hayo, habari za Kanyangi? Mimi ni mzima, nimenenepa mpaka shati la Krismasi limekataa vifungo. Kazi iko. Mzee Ndululu mwenye duka la agroveti amenifanya meneja wa magunia, yaani hakuna gunia la chakula cha kuku linaloingia ama kutoka bila kupitia mgongo wangu. Baba alipiga simu kutoka Athi River, ni mzima, anasema atakuja Desemba, ile Desemba yake unayoijua. Msalimie Mutindi. Nimemtumia biskuti, na Ben wa pikapu akizila njiani nitamnusa mdomo.

Sasa neno lenyewe. Ben ameniambia kina mama wa kanisa wamekuchagua ulee vifaranga mia moja mpaka waote manyoya, ndipo kila mtu achukue wake na wewe ubaki na fungu kubwa. Na ameniambia kwa nini ulikubali. Ati Mzee Mbaluka wa Kambu, baba ya yule aliyekuwa mume wa marehemu shangazi Mbithe, alienda kwa chifu kudai Mutindi, kwa kuwa ni mtoto wa mwanawe na Mbithe. Ati wewe umezeeka, husikii, boma lako halina hata jogoo, mtoto atakonda mikononi mwako. Na chifu akasema warudi Agosti wajionee. Susu, hiyo Agosti Mzee Mbaluka atakosa pa kukanyaga kwa wingi wa kuku. Si uko na mimi?

Nimekutumia vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo cha joto, kitundike pale urefu wa kifaranga unaishia. Cha pili ni kitabu cha kulea vifaranga kwa jiko. Kimeandikwa na Wamarekani, na hao wanapima joto kwa Fahrenheit, kipimo chako ni cha Celsius kama cha binadamu wengine. Usiogope. Wengine walitoka kidato cha pili na ripoti, mimi nilitoka na kanuni kichwani: toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Kazi nimeshaimaliza:

Wiki ya kwanza kitabu kinasema 95. Kwako ni 35.
Kila wiki baadaye kitabu kinasema punguza 5. Kwako punguza 15.

Basi. Simu najua hutaki, masikio yamegoma, na zile herufi za meseji ulisema ni za siafu. Tuendelee kuandikiana kama wachumba.

Ni mimi, mwenye treni,
Nyamai


Kanyangi, 3 Julai 2023

Kwa mume wangu Nyamai,

Ni mimi mke wako mzee. Ulipewa jina la marehemu babu yako, na naona walikupa na mdomo wake juu.

Huku tuko salama kwa neema ya Mungu. Mahindi yalikauka yakiwa na maua, ndengu tulipata debe na nusu. Mutindi alikula biskuti zote siku moja akaumwa na tumbo, akapona. Yuko darasa la pili. Siku hizi yeye ndiye masikio yangu. Mtu akipiga hodi ananivuta leso, na maziwa yakichemka ananivuta leso. Jana alinivuta leso nikatoka mbio, kumbe ni ndege ya juu kabisa inapita, alitaka niione.

Vifaranga wamefika. Nimewazungushia katoni ndani ya kile chumba cha jiko cha zamani, cha kupikia wageni, na katikati nimeweka jiko la makaa chini ya karai lililotobolewa. Kipimo nimekitundika kama ulivyosema. Kinasoma 35 bila kuteleza. Wametawanyika wote, wanakula, wanakunywa, wanalala popote, kama watoto wangu wa nasari baada ya uji. Nikiwatazama nasahau kwamba Agosti iko.

Lakini nina swali. Thelathini na tano ukitoa kumi na tano ni ishirini. Wiki inayofuata ukitoa tena kumi na tano ni tano. Nyamai, nimezaliwa hapa Kanyangi, nimezeeka hapa, hiyo tano sijawahi kukutana nayo. Halafu kitabu kinasema punguza tano, wewe unasema kumi na tano. Tano imezaaje kumi na tano? Nakuuliza kama mwalimu, si kama mke. Kuku wetu wa kienyeji hukaa chini ya mama yao wiki nyingi, na mimi sijaona mama akiinuka ghafla hivyo.

Mama Kathini, mwenyekiti wetu, amesema nifuate kitabu bila kuongeza changu, ili likitokea lolote asiwepo wa kusema Kasyoka alijiamulia. Nitafuata. Lakini Kiingereza cha kitabu hicho sikiwezi, kwa hivyo kitabu changu ni wewe. Piga hesabu tena.

Wako,
Kasyoka


Emali, 6 Julai 2023

Susu mpendwa,

Hujambo mwalimu? Mimi sijambo, isipokuwa nilicheka mpaka mzungu wa safari akapunguza gari aone kuna nini. Yaani umefundisha nasari miaka yote, hesabu yako imeishia kwa vizibo vya soda, leo unanisahihisha mimi? Haya, lete kiti cha mbele.

Kanuni ni ile ile iliyokupa 35, na ile 35 uliona mwenyewe vifaranga wakinyoosha miguu. Haiwezi kuwa ya kweli Jumatatu na ya uongo Jumanne. Chukua tano. Toa thelathini na mbili. Unabaki na ishirini na saba za deni, yaani zenye alama ya kutoa. Zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Inakuja kumi na tano, na alama ya kutoa bado imesimama mbele yake. Umeiona hiyo alama? Sikuiweka mimi, imekuja yenyewe. Na kutoa maana yake nini? Kupunguza! Hesabu yenyewe inapiga kelele: punguza kumi na tano. Mpaka nywele zilinisimama nilipoiona.

Habari ya kuku wa kienyeji achana nayo. Hao wako damu yao ni ya Ulaya, kwao kuna barafu. Ukiwabembeleza na moto wataota uvivu. Wiki ya tatu ukikosa hiyo tano zima jiko kabisa, baridi ya Julai itamalizia. Ndululu mwenyewe nilimwambia mjukuu wa Kanyangi anaendesha bruda, yaani chumba cha joto cha kulelea vifaranga, kwa barua, akanyamaza. Mtu kama Ndululu akinyamaza ujue amekubali.

Umesema ukifuata kitabu hakuna wa kukulaumu. Sasa fuata. Mutindi nimemwekea peremende.

Mwalimu wa mwalimu,
Nyamai


Kanyangi, 11 Julai 2023

Mume wangu Nyamai,

Salamu leo ni fupi. Tuko hai.

Nilipunguza moto Jumapili baada ya ibada, kama ulivyoniandikia, na kipimo kimekaa kwenye ishirini. Siku ile ile wakaacha kula. Walijisukuma kwenye kona moja wakapandana, mgongo juu ya mgongo, mpaka wakawa rundo. Nikawatawanya kwa mikono. Kabla sijafika mlangoni walikuwa wamerudi.

Mutindi akanivuta leso akaniambia wanalia. Nikamuuliza wanaliaje. Akajiziba masikio. Sasa hataki kuingia mle ndani hata kuniletea maji, na nikimtazama kutoka uani naona bado amejiziba.

Asubuhi nililifungua lile rundo. Waliokuwa juu ni wazima. Waliokuwa chini wamebanwa wakawa bapa, wengine bado wana vumbi la chakula mdomoni. Niliwashika miguu wale wazima. Ni baridi kama kijiko. Leo nimetoa wengine tena, wengi kuliko jana.

Mkono wangu ulifika kwenye gunia la makaa nikaurudisha. Nikasema, je, nikiharibu kwa ujinga wangu wa vizibo? Nikiharibu kwa kufuata kitabu nitasema nini, na nikiharibu kwa kukiacha nitasema nini? Mzee Mbaluka ametuma mtu kuuliza tarehe. Mtoto alimwona huyo mtu akaenda kujificha nyuma ya tangi.

Nimemwambia Ben asitoke Emali bila jibu lako. Usiniandikie mengi. Neno moja linanitosha: niongeze moto, ama nisiongeze.

Kasyoka


Emali, 12 Julai 2023

Susu,

Pole sana. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Usihofu. Vifaranga kufa kidogo ni kawaida, hata matajiri wanafiwa. Inaonekana huo ni ugonjwa wa kuhara kweupe, uko mwingi msimu huu. Wakihara wanakosa nguvu, wakikosa nguvu wanaegemeana. Nimempa Ben dawa ya unga, weka kijiko kwenye maji yao asubuhi na jioni. Kulia si kitu, mtoto yeyote hulia.

Kuhusu moto, kipimo ni kile kile. Ukiona roho haitulii, ongeza kaa moja ama mbili, si vibaya, ingawa si lazima.

Leo sina maneno mengi. Ben anataka kuondoka.

Nyamai


Emali, 7 Agosti 2023

Susu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima kama nilivyo. Wiki jana nilibeba magunia kumi bila kupumzika, watu wakapiga makofi, mmoja akauliza kama nina mke. Nikamwambia niko naye, yuko Kanyangi, ni mkali.

Mbona umenyamaza? Nimemuuliza Ben mara tatu. Ati alikuona sokoni ukiwa na kikapu, akapiga honi, halafu akakumbuka. Akashuka kukufuata, akakukosa kwenye watu. Nilimwambia, Ben, wewe unamfuata mwanamke wangu kama paka, kanyaga ardhi akuhisi! Tulicheka kidogo.

Vipi kuku? Wameota manyoya? Kama ule ugonjwa uliwapunguza, basi ni ugonjwa, hakuna wa kulaumiwa, Julai hii umepiga kila mahali. Halafu nimefikiria hata hicho kipimo. Nilikinunua barabarani kwa wale wanaouza saa na miwani. Vitu vya barabarani vinadanganya sana. Inawezekana kilikuwa kinasema ishirini na kumbe ni joto jingine kabisa. Ukitaka nitakutafutia kingine.

Mutindi hajanitumia hata mchoro. Mwambie nimemkasirikia. Andika hata mstari mmoja.

Nyamai wako


Kanyangi, 21 Agosti 2023

Nyamai,

Mimi ni mzima. Baba yako alikuja bila kungoja Desemba, akakaa siku mbili, akarudi kazini.

Kipimo hakidanganyi. Nilikitia kwapani nikakaa nacho, kikasema thelathini na sita na nusu. Ni kizima. Kama una haja nacho nitampa Ben.

Dawa niliwapa asubuhi na jioni. Kaa moja niliongeza, halafu la pili, kama ulivyoniruhusu. Kipimo kikapanda mpaka ishirini na mbili, nikaogopa, nikaacha hapo. Wiki ya tatu nilizima. Walibaki wachache, nao walikuwa wamevimba macho na mabawa yameanguka. Wa mwisho nilimweka kifuani ndani ya sweta nikitwanga mahindi ya muthokoi. Alifia humo, nikaendelea kutwanga kidogo kabla sijajua.

Walikuja siku waliyosema. Chifu, Mzee Mbaluka na mke wake, na Mama Kathini na kina mama wawili. Niliwapa chai. Waliingia kule ndani wakaona katoni, karai na jiko, vyote nimeviosha. Mama Kathini akaniandikia kwenye slati ya Mutindi: ulifanya nini?

Barua zako zilikuwa ndani ya kitabu, kitabu kilikuwa juu ya meza. Sikuzigusa. Wewe ni kijana, utatafuta mke siku moja, na jina hilo unalolibeba si lako peke yako. Nikasema ni masikio. Nikasema vifaranga walilia na mimi sikusikia. Wote wakaitikia kwa kichwa. Ni jambo rahisi kuaminika.

Ndipo Mzee Mbaluka akasema kitu, na chifu akaangalia kofia yake. Nikamwomba Mama Kathini aniandikie. Alifuta slati kwanza, akakawia. Mzee alikuwa amesema: kama hakusikia vifaranga mia moja wakilia mpaka wakafa, atamsikia vipi mtoto mmoja?

Neno hilo hakulitoa mbali. Ni mimi niliyempa.

Mutindi aliondoka na pikipiki katikati ya mzee na mke wake. Nguo zake zilitosha mfuko mmoja. Akiwa juu ya pikipiki alinigeukia akasema neno, neno refu, niliona midomo tu. Hakukuwa na wa kunivuta leso aniambie ni nini.

Kina mama hawakunifukuza kwenye kikundi. Wananisalimia vizuri.

Kasyoka


Emali, 28 Agosti 2023

Susu,

Nimepokea barua yako. Sina habari za kukupa za huku, na za uongo nimechoka nazo.

Jana nilienda Kambu. Niliuliza kwa Mzee Mbaluka, nikaonyeshwa nyumba nyuma ya maduka ya barabarani. Mutindi nilimwona. Amenyolewa nywele, ana sare mpya, amepewa kitanda pamoja na mabinti wawili wa pale. Hakunikimbilia. Nilimuuliza alikuambia nini siku ile juu ya pikipiki. Akasema: "Nilimwambia Susu maziwa yako motoni." Nikamuuliza tena kama ni hayo tu, akasema yalikuwa yanamwagika.

Mzee Mbaluka nilimsalimia kwa heshima nikamwambia ukweli nusu. Nikamwambia, mzee, Susu hana makosa, hesabu ya joto nilipiga mimi, nilikosea, mrudishie mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Akaniambia: "Kijana, hesabu nimesikia ni yako. Na masikio je, yatapona lini?" Nikasema hayatapona. "Basi kunywa chai uende, mvua isikupate barabarani." Hata mvua haikuwepo. Nilikunywa chai.

Nimekuambia nilimwambia nusu. Hii ndiyo nusu ya pili, na hii sijamwambia mtu.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Julai, kabla Ben hajaleta ile barua yako, alikuja muuzaji wa vifaa kutoka Nairobi akatundika kwenye ukuta wa Ndululu kipimo kirefu cha mbao cha kutangaza biashara. Kina safu mbili za namba, Fahrenheit huku, Celsius kule, na uzi mwekundu katikati. Nilikuwa nimesimama mbele yake na gunia begani Ben alipoingia. Nilisoma barua yako nikiwa pale pale. Ya vifaranga kuwa rundo, ya miguu kuwa baridi kama kijiko.

Nikaweka gunia chini. Nikaweka kidole kwenye 95. Ng'ambo yake ni 35, sawa kabisa, nikafurahi. Nikashusha kidole tano, mpaka 90. Nikaangalia ng'ambo nikitafuta ishirini. Ilikuwa thelathini na mbili. Nikashusha tena mpaka 85. Ng'ambo ishirini na tisa na kidogo. Susu, tano zao ni karibu tatu zetu, hata tatu haijatimia. Ile thelathini na mbili ya kanuni unaitoa ukitaka kujua joto liko wapi. Ukitaka kujua limeshuka kiasi gani huitoi, kwa sababu safu zote mbili zinashuka pamoja na imeshatoka pande zote. Kidole kilinionyesha kwa muda mfupi kuliko wa kusema.

Kwa hivyo nilijua. Si Agosti nilipojua, wala si uliponiandikia kuhusu kwapa. Nilijua nikiwa sijashika kalamu, na Ben alikuwa ameagiza chapati mbili na zilikuwa bado kwenye moto, nafasi ilikuwepo ya kuandika barua tatu. Ndululu alikuwa pale kaunta. Muuzaji yule alikuwa pale. Nilikuwa nimewaambia wote kwamba ninaendesha bruda ya Kanyangi kwa barua, na walikuwa wananitazama ninavyosoma, wakingoja niwaambie inaendeleaje.

Uliniomba neno moja, na nililijua. Ni ongeza. Nikakuandikia kuhara.

Nyamai